Ukalimani wa mguso kwa viziwi wasioona: mikono inakaaje, na alama za uso zinakwenda wapi?

MkalimaniZiwa

Habari za saa hizi wanajukwaa.

Nahitaji maelezo ya kazi kutoka kwa wanaoijua kazi yenyewe. Ukalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania ndio shughuli yangu, ila ule wa mguso sijausomea. Mwezi ujao kuna semina ya siku 2, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, washiriki kama 40, na wawili kati yao ni viziwi wasioona.

Wa kwanza ni mama wa makamo, kiziwi tangu kuzaliwa, lugha ya alama ndiyo lugha yake. Macho yalianza kufifia ukubwani. Mchana bado anaona sehemu ndogo ya katikati, giza likiingia haoni kitu. Wa pili ni mzee asiyeona tangu utotoni, alisoma kwa nukta nundu (breli, maandishi ya kupapasa ambayo kila herufi huundwa kwa nukta zisizozidi sita), masikio yakaja kuziba baadaye. Anaongea vizuri kwa mdomo wake, ila wewe ukisema hasikii. Lugha ya alama haijui kabisa.

Waandaaji wameweka wakalimani 2 kwa wote wawili. Naomba kujua: mikono ya nani inakaa juu na ya nani chini? Alama ambazo nusu ya maana yake iko kwenye nyusi na mdomo, hiyo nusu naipeleka wapi? Na huyu mzee nitawasiliana naye vipi?

Viganja

Ndugu MkalimaniZiwa, hizo ni kazi mbili tofauti kabisa, usizichanganye kwa sababu tu wote wawili wanaitwa viziwi wasioona. Mimi nitasema ya mama. Ya mzee nawaachia watu wa nukta nundu.

Mikono ya mpokeaji inakaa juu, yako chini. Anayesikiliza kwa mikono lazima awe huru kuiondoa wakati wowote, kama wewe unavyoweza kufumba macho. Ukimshika mkono kwa juu na kuuendesha, umemfunga. Kosa hili ndilo la kwanza kwa wageni wote na ndilo linalochosha zaidi.

Namna ya kumwendea: gusa bega au sehemu ya juu ya mkono kwa kiganja kizima, siyo kwa ncha ya kidole, na usibonyeze-bonyeze. Mkono utulie hapo sekunde mbili hivi ili ageuze mawazo. Kisha uteremshe taratibu, bila kuuinua, hadi kwenye kiganja chake, uingize mkono wako chini ya wake na ungoje aupande mwenyewe. Halafu toa jina lako la alama. Lirudie kila unaporudi, hata kama mlikuwa pamoja dakika tano zilizopita. Ukiondoka mwambie unaondoka, na umwache akigusa kitu: meza, ukuta, mgongo wa kiti. Kumwacha katikati ya sakafu tupu ni kumzimia taa mtu aliye ngazini.

Kukaa: viti vya kimo kimoja, visivyo na mikono ya kuegemea. Kona ya meza ni bora kuliko kutazamana uso kwa uso, maana hapo kila mmoja anapata pa kulaza kiwiko. Pasipo meza, kaeni magoti yakipishana, goti lako kati ya magoti yake, na mto mdogo uwekwe mapajani ili viwiko visining'inie. Baada ya nusu saa ya viwiko kuning'inia, mabega ndiyo huanza kulia, yenu wote wawili.

Wapo wanaopokea kwa mkono mmoja, wapo kwa miwili. Muulize, usimpangie. Kwa mikono miwili anapata kila kitu ila anachoka haraka. Kwa mkono mmoja anafuata mkono wako unaotembea, yaani mkono mkuu, na ule mwingine uliotulia anaukisia. Mara nyingi unakisika. Pale ambapo umbo la mkono uliotulia ndilo linalotofautisha maana, gusisha mikono yako miwili kwa uwazi, au uvute mkono wake wa pili kwa ishara mliyokubaliana. Kwenye mazungumzo ya watu wawili Waswidi wana mpango mzuri: kila mmoja anatoa alama kwa mkono wa kulia na kupokea kwa wa kushoto, hivyo hakuna kuhamisha mikono kila zamu inapobadilika. Kwenye hotuba ndefu anarudi kuweka yote miwili juu.

Sasa swali lako la uso, ambalo ndilo gumu. Kila kilichokuwa usoni lazima kishuke mikononi, la sivyo kimepotea. Swali la ndiyo au hapana, ambalo kwa macho linabebwa na nyusi zilizoinuliwa, kwa mguso linakuwa sentensi ya kawaida tu: "Umekula" badala ya "Umekula?" Ongeza alama ya SWALI mwishoni, au ishikilie alama ya mwisho kwa muda mrefu kidogo huku ukiisukuma mbele yake. Chagueni njia moja muishike. Ukanushi unaofanywa kwa kutikisa kichwa pekee ni hatari kuliko yote, kwa sababu ujumbe unafika kinyume chake. Weka alama ya kukanusha kwa mkono kila mara, na uiweke karibu na kitenzi.

Kunyoosha kidole hewani kumaanisha "yeye" au "kule" hakumsaidii. Hakuona ulimweka nani wapi. Taja jina la alama la mhusika, au nyoosha kidole kuelekea kiti chake halisi baada ya kumwonyesha mama ramani ya ukumbi. Alama zinazofanana mikononi na kutofautishwa na midomo tu, zitamke kwa herufi za vidole. Ukali, upole, "sana", "kidogo tu": hivyo vinakwenda kwenye kasi na mkazo wa misuli. Mkono uliolegea unasema jambo tofauti na mkono uliokakamaa, na mpokeaji mzoefu analipata hilo upesi kuliko unavyodhani.

Eneo la alama lipunguze. Kwa macho unatumia toka juu ya kichwa hadi kiunoni. Kwa mguso fanya kazi kati ya kidevu na tumbo. Zile zinazogusa paji la uso au mdomo zitampeleka mikono yake usoni kwako. Kwa wengine hilo ni kawaida, kwa wengine linakera. Ulizana naye mapema kama ziteremshwe.

Na usichelewe kupita kiasi. Watu hudhani polepole ndiyo heshima. Alama moja moja iliyovutwa kama mpira inapoteza umbo lake, maana mwendo wenyewe ni sehemu ya neno. Toa alama kwa mwendo wa kawaida uliopunguzwa kidogo, halafu tua kati ya fungu na fungu la maneno.

Nukta6

Naja kwa mzee.

Tahadhari kwanza. Watu wengi wanakimbilia kumchorea herufi kubwa kiganjani. Njia hiyo inamfaa aliyewahi kuona na kuandika kwa kalamu. Asiyeona tangu utotoni na kusoma kwa nukta nundu pekee huenda hajui umbo la R wala la G. Ukimchorea, unamwandikia kwa hati asiyoisoma, halafu unamshangaa mbona haelewi. Muulize kwanza, kupitia mtu wa nyumbani kwake anayejua kuwasiliana naye. (Kwa anayezijua: tumia kidole cha shahada, herufi moja juu ya nyingine mahali palepale katikati ya kiganja, kila moja ijaze kiganja, zielekee kwake siyo kwako, tua neno linapokwisha. Ukikosea, futa kwa kiganja kama unayefuta ubao. I na 1 zinagongana, O na sifuri vilevile, kwa hiyo tanguliza "namba" kabla ya tarakimu.)

Kwa mtu wa nukta nundu njia iliyonyooka ni kumpigia nukta kwenye vidole. Wajapani ndio walioiendeleza: mama yake Satoshi Fukushima aliianza mwaka 1981 baada ya mwanawe kupoteza usikivu, na Fukushima huyo akaja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Tokyo. Msingi wake unajulikana na yeyote aliyegusa Perkins, ile mashine ya kuandikia nukta nundu. Vidole sita vya mpokeaji ndivyo vitufe. Mkono wa kushoto: shahada ni nukta 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3. Mkono wa kulia: shahada ni 4, cha kati ni 5, cha pete ni 6. Gumba na kidole cha mwisho havina kazi ya herufi.

Kaa ubavuni kwake au nyuma yake kidogo, viganja vyake vikiwa vimelala mezani au mapajani, na vidole vyako uvilaze juu ya vyake, kushoto kwa kushoto. (Hapa mikono yako ndiyo iko juu, tofauti na alivyosema Viganja, kwa kuwa hapa yeye ni kitufe, na anavuta mkono akitaka.) Mkikaa mkitazamana pande zinageuka na utaandika kinyume. Wapo wanaoweza, mwanzoni hapana.

Neno "maji" linakwenda hivi. M: 1, 3, 4 kwa mpigo mmoja, yaani shahada na pete ya kushoto pamoja na shahada ya kulia. A: 1 peke yake. J: 2, 4, 5. I: 2, 4. Namba zinatanguliwa na alama ya namba, 3-4-5-6, kisha herufi a hadi j kama kawaida, a ikiwa 1 na j ikiwa 0. Piga kwa pedi ya kidole, si kwa ukucha. Vidole vyote vya herufi moja vigonge pamoja. Ukivipiga kimoja kimoja, 1 halafu 3 halafu 4, yeye anasoma herufi ya a kisha vipande visivyo na maana. Hilo ndilo linaloharibika zaidi kwa wanaoanza. Jingine ni kusahau kutua kati ya maneno. Kiswahili kimejaa viambishi, "nitakapokuja" ni neno moja refu, na ukitua katikati yake umelipasua.

Wewe kama mkalimani wa alama unaweza usiijue nukta nundu. Mpeni kazi hiyo mwalimu wa wasioona. Anayepiga Perkins kila siku anahitaji kuzoea vidole vya mtu tu, alfabeti anayo. Na kama mzee anatumia vifupisho, wakubaliane orodha kabla ya semina.

Hata hivyo msidhani mtamfikishia kila neno la mtoa mada. Anayeanza hawezi kufuata kasi ya mdomo. Mwulizeni anataka nini: hoja kwa muhtasari, au majina, namba na maazimio neno kwa neno? Uamuzi ni wake.

MwalimuBonde

Salamu kutoka Kenya. Huku tunasema lugha ya ishara, mtanisamehe. Naongezea dogo kwa Nukta6.

Kuna alfabeti ya Waingereza ya kugusa mkononi ambayo irabu zake zimekaa kwenye ncha za vidole: A gumba, E shahada, I cha kati, O cha pete, U kidole cha mwisho. Ile ya Wajerumani, iliyobuniwa na Hieronymus Lorm mwaka 1881, nayo inaweka irabu hizo palepale. Sasa tazama Kiswahili: irabu tano, na takriban kila silabi inaishia kwenye irabu. Yaani nusu ya maandishi yako yanaangukia ncha za vidole vitano. Kwa mzee asiyejua herufi za wino hii inajifunzika, kwa sababu haidai ajue umbo, inadai akumbuke mahali. Kwenye ile ya Waingereza, L ni kidole kimoja kiganjani, N vidole viwili, M vitatu. Lakini si kitu cha kuanzisha siku ya semina. Kama hamuijui nyote wawili, nukta kwenye vidole inawahi kufika.

Jambo la pili. Huyo mzee anaongea lakini hajisikii, hivyo hajui kama anapaza mno au ananong'ona, wala kama kipaza sauti kimewashwa. Kubalianeni ishara mbili: kiganja kikipanda kwenye mkono wake kuelekea begani, aongeze sauti, kikishuka, apunguze. Na mguso wa kumwambia "sasa ni zamu yako". Bila huo atazungumza juu ya mwenzake, na watu watamwona hana adabu ilhali hana habari.

Viganja

Nyongeza ya herufi za vidole kwa yule mama, nilisahau. Alfabeti yetu ya mkono mmoja, Tanzania na Kenya, ina asili ya Marekani. Kwa jicho inatosha. Kwa mkono wa mtu uliofunika wako, A, E, M, N, S na T zote ni ngumi. Kinachozitofautisha ni gumba liko wapi, na gumba liko upande wa mbele ambako kiganja chake hakifiki. Kwa hiyo asikufunike mgongo wa mkono pekee: vidole vyake vizunguke hadi vilipate gumba lako. Wewe nawe usirukishe mkono kati ya herufi. Uwe mahali pamoja, vidole ndivyo vibadilike. Wanaobabaika na M na N, punguzeni kasi hapo tu, neno zima liende mwendo wake. Wazoefu hawasubiri herufi moja moja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1990 uliwapima wapokeaji wenye uzoefu hadi herufi 6 kwa sekunde, na walikuwa wanasoma vizuri.

MkalimaniZiwa

Asanteni sana, hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwalimu, hilo la kipaza sauti nisingeliwaza.

Naomba kuuliza mengine. Mama bado anaona kidogo mchana. Nianze na mguso moja kwa moja au nitumie macho yaliyobaki? Pili, ukumbini watu watacheka, watanong'ona, mtu atatoka kwa hasira. Nikiwa katikati ya sentensi ya mtoa mada, hayo nitayasema saa ngapi? Tatu, waandaaji wanasema wakalimani 2 wanatosha.

Mgongo_Ramani

Nakujibu la pili, wengine wamalizie.

Hayo hayasemwi kwa mikono. Yanasemwa mgongoni. Finland wameyafanyia kazi kwa muda mrefu, Riitta Lahtinen na Russ Palmer, na Lahtinen alitetea tasnifu yake kuhusu jambo hilo Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 2008. Mikono yako inaendelea kukalimani, na mkalimani wa pili anakaa nyuma au ubavuni, akitoa ishara fupi kwenye sehemu ya juu ya mgongo, begani au kwenye mkono. Mpokeaji anazipata zote mbili kwa wakati mmoja, kama wewe unavyosikiliza hotuba huku ukiona mlango unafunguliwa.

Ishara zenyewe ni chache na mnakubaliana mapema. Vidole vinavyochezacheza: watu wanacheka. Mstari wa tabasamu uliochorwa: msemaji anatabasamu. Ngumi inayoinama na kuinuka kama kichwa: wanaafiki. Kiganja kinachofuta kushoto na kulia: wanakataa. Mtu akiingia au akitoka, mstari kutoka upande wa mlango. Kumi zinatosha kwa siku 2. Zikizidi hapo anakuwa anakumbuka ishara badala ya kusikiliza semina.

Lakini mstari wa mlango hauna maana kama hajui mlango uko wapi. Kwa hiyo asubuhi, kabla watu hawajajaa, mchoree ukumbi mgongoni. Anza na nukta moja ukiitulizia: "wewe uko hapa". Kisha kuta nne, kisha mlango, jukwaa, meza ya chai, choo upande gani, halafu safu za viti. Mbele yake iwe sehemu ya juu ya mgongo, siku zote mbili. Kosa la kawaida ni mkalimani mmoja kuchora akiwa nyuma yake na mwenzake kuchora akiwa ametazamana naye mkononi, kila mmoja kwa mwelekeo wake. Mtu anabaki na kumbi mbili kichwani.

Ishara moja lazima wote ukumbini waijue, siyo wakalimani tu: herufi X kubwa mgongoni, bega hadi kiuno, maana yake ni hatari, ondoka nami sasa hivi, maelezo baadaye. Ni ishara inayotumika nchi nyingi. Moto ukitokea huna muda wa kutafuta viganja.

Mikono4

Naona mazungumzo yote haya yanamweka kiziwi asiyeona kama mtu wa kupelekewa taarifa tu. Pale Seattle, kuanzia 2007, viziwi wasioona wenyewe, wakiongozwa na aj granda na Jelica Nuccio, walikataa mpango huo. Walianza kuendesha mikutano yao bila mkalimani katikati, wakigusana moja kwa moja, na humo ikazaliwa namna mpya ya kuongea kwa mguso. Wanaisimu sasa wanaichambua kama lugha inayojitenga na lugha ya alama ya macho.

Jambo moja la kuchukua hapo hata kwa semina yako: msikilizaji hakai kimya. Mkono wake mmoja unapokea, mwingine unakaa pajani au mkononi kwa msemaji na kujibu muda wote. Kugonga kwa upole ni "nakupata", kubana ni mshangao, vidole vinavyotambaa ni kicheko. Wewe mkalimani mwenye macho unaweza kutazama uso wake ujue kama anaelewa. Akiwa anaongea na kiziwi asiyeona mwenzake, bila paja hilo yeye anaongea na ukuta.

Na badala ya kuchora vitu hewani, vichore mwilini mwa msikilizaji. Meza ya mviringo ni kiganja chake kilicholazwa. Waliokaa kuizunguka waguse mmoja mmoja pembeni mwa kiganja. Hewa haina alama ya kushikika, kiganja kinayo.

Viganja

Mikono4, nakubali kuhusu paja. Kwa lugha yenyewe nina wasiwasi. Mama huyu ana Lugha ya Alama ya Tanzania (LAT) kichwani kwa miaka mingi. Ukimletea namna ya Seattle siku ya semina unamfundisha lugha badala ya kumpa mada. Mrejesho wa pajani anaupata kwa dakika kumi, hayo mengine yana mahali pake.

Mikono4

Sikusema afundishwe siku hiyo. Nimesema kiganja ni bora kuliko hewa, na kwa hilo hahitaji kozi.

Viganja

Sawa, hapo tuko pamoja.

MkalimaniZiwa, kuhusu macho yaliyobaki: anayeona sehemu ya katikati tu ni kama anayechungulia kwenye bomba. Ukimkaribia sana anaona kidole kimoja. Rudi nyuma mita moja na nusu hadi mbili, mikono iwe midogo, karibu na kifua cha juu na kidevu, ili uso na mikono viingie bombani pamoja. Nguo isiyo na michoro, yenye rangi inayotofautiana na ngozi ya mikono yako. Dirisha liwe nyuma yake, siyo nyuma yako. Akianza kukupoteza, ashike kifundo chako cha mkono au sehemu iliyo chini ya kiwiko: macho bado yanasoma, mkono wake unamwambia tu mikono yako iko wapi. Hilo ndilo daraja la kwenda kwenye mguso kamili.

Ila macho ya namna hiyo yakitumikishwa kutwa yanachoka kabla ya saa 9. Na semina yenu inaisha saa 12, jua linazama. Zoezeni mguso asubuhi akiwa hajachoka, msingoje giza. Umeme ukikatika saa 11 na nusu mkiwa hamjawahi kuweka mikono pamoja, kikao chake kimeishia hapo.

Mikono yako: kucha fupi, pete na saa vua, mikono mirefu ya shati kunja. Usipake losheni asubuhi hiyo, mikono inateleza. Osha kwa sabuni, kausha. Kitambaa kidogo kiwe karibu, joto la ukumbi litawatoa jasho viganja nyote wawili. Harufu ya sigara na ya kitunguu inamfikia kwa umbali ambao mshiriki mwingine hafiki.

Nukta6

Kuhusu idadi: 2 hawatoshi, na sababu siyo anasa. Hawa wawili hawatumii njia moja. Mkalimani anayemhudumia mama hawezi kugeuka akampigia mzee nukta. Kila mmoja anahitaji wawili wake, wanaopokezana kila dakika 15 hadi 20. Ukalimani wa mguso unachosha zaidi ya ule wa macho kwa kuwa mikono imebeba uzito wa mikono mingine. Baada ya muda huo makosa yanaanza na mwenyewe hujijui. Asiyekalimani kwa zamu hiyo hapumziki kabisa, ndiye anayetoa zile ishara za mgongoni. Jumla ni 4, kabla hujaweka wa jukwaani kwa viziwi wengine kama wapo.

Kwa mama, zamu ibadilishwe hivi: anayeingia aweke mkono wake begani kwa mpokeaji, asubiri mwisho wa sentensi, aingize mikono chini wakati mwenzake anatoa yake, ajitaje kwa jina la alama, aendelee. Isipite sekunde tatu.

Pa kubana gharama ni hapa: kama jukwaani kuna mkalimani wa kawaida wa LAT, wanaomkalimania mama si lazima wasikie. Viziwi wanaoona, wenye lugha nzuri, wanaweza kumtazama yule wa jukwaani na kunakili kwa mguso. Mara nyingi wanafanya vizuri kuliko sisi tunaosikia, kwa sababu lugha ni yao. Waulizeni viongozi wa CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) wa mkoa kama kuna wenye uzoefu.

Waandaaji wakibisha, waonyesheni kifungu cha 2 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mawasiliano kwa mguso yametajwa humo kwa jina, sambamba na nukta nundu, na Tanzania iliridhia mwaka 2009. Na ombeni mada zote wiki moja kabla. Za mzee zichapwe kwa nukta nundu. Akishazisoma, siku hiyo anahitaji kupigiwa yale tu yaliyoongezwa mdomoni.

MwalimuBonde

La mwisho kwangu, muda wa chai. Mkiwa mnatembea, kiziwi asiyeona ndiye anayekushika, juu kidogo ya kiwiko, nawe uko nusu hatua mbele. Njia ikiwa nyembamba peleka mkono wako nyuma ya mgongo, atajua aingie nyuma yako. Kwenye ngazi simama kwanza, mwonyeshe kama zinapanda au zinashuka, ndipo uende. Na wakati huo msiongee. Mikono iliyoshika njia haiwezi kushika maneno pia. Kama kuna la kusema, simameni pembeni, semeni, kisha muendelee. Wapangieni dakika 30 za chai, siyo 15: kikombe na mazungumzo vinagombea mikono ileile.

MkalimaniZiwa

Nimechukua yote. Kesho nawaandikia waandaaji: watu 4, mada wiki moja kabla, chai dakika 30. Mwalimu wa nukta nundu nimeshampata. Ameuliza swali moja ambalo nililikosa jibu: mzee akitaka kukatiza, kwa mfano kusema "rudia", afanyeje wakati vidole vyake viko chini?

Nukta6

Magumba yako huru. Akiinua gumba la kulia: rudia neno. La kushoto: simama kidogo. Yote mawili: nimechoka. Wajaribu mara tano sita kabla ya semina, yataingia.